Jaji Mwalusanya na Hukumu Zisizosomwa na Wenyewe

Tarehe 24 Agosti 1988, katika wilaya ya Muleba, mkoani Kagera nchini Tanzania, mwanamke mmoja aliuza shamba. Shamba hilo aliachiwa na babaye kwa wosia halali. Umri ulikuwa umemwendea, nguvu zilikuwa zimempungukia, na hakuwa na mtu wa kumtunza. Akaona afadhali aliuze apate cha kujikimu. Mnunuzi, ambaye hakuwa mtu wa ukoo, alimlipa shilingi 300,000. Kesho yake tu, tarehe 25, jamaa mmoja wa ukoo alifika katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai kuwa mauzo hayo ni batili, kwa sababu kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ilimkubalia. Mauzo yakabatilishwa na fedha zikaamriwa zirudishwe.

Mashauri ya mahakama za mwanzo nchini Tanzania huendeshwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kanuni iliyomfunga mikono bibi huyo ilitamkwa kwa Kiswahili. Hukumu iliyokuja kumfungua, miezi kumi na minane baadaye, iliandikwa kwa Kiingereza. Baina ya lugha hizo mbili ndipo ulipo mgogoro ambao wanafunzi wa Kiswahili, wa Tanzania na wa Kenya vilevile, hawana budi kuutazama, kwa kuwa wanasheria peke yao hawataumaliza.

Aliyeiandika hukumu hiyo ni Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania, aliyekuwa akiketi Mwanza. Hakuwa Jaji Mkuu, wala hakuketi Dar es Salaam kwenye kitovu cha mambo. Alikuwa jaji wa mikoani, kwanza kando ya Ziwa Viktoria na baadaye Dodoma, na kesi alizoletewa zilikuwa za watu wa kawaida: mwuza shamba, mshtakiwa aliyenyimwa dhamana, mtu aliyehamishwa kwao kwa amri ya serikali, raia aliyetaka kuishtaki serikali akaambiwa aombe ruhusa kwanza. Kwa kesi za namna hiyo alifanya kazi ambayo majaji wengi wenye vyeo vikubwa kuliko chake hawakuithubutu.

Ili kazi yake ieleweke, sharti wakati wake ueleweke. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 haikuwa na orodha ya haki za binadamu zinazoweza kudaiwa mahakamani. Orodha hiyo iliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, lakini serikali ikajiwekea muhula wa miaka mitatu wa kuzisafisha sheria zake, na katika kipindi hicho mahakama hazikuruhusiwa kutangaza sheria yoyote kuwa kinyume cha Katiba kwa msingi wa haki hizo. Muhula huo ulikwisha Machi 1988. Usafishaji ulikuwa haba. Sheria za kikoloni na kanuni za kimila zilikuwa bado zimelala mahali pale pale. Mlango ulipofunguliwa, majaji wengi walisimama kizingitini wakichungulia. Mwalusanya aliingia. Miezi mitano baada ya mlango huo kufunguliwa, shamba la Muleba liliuzwa.

Inafaa kumtaja hapa mtu ambaye aghalabu husahaulika. Rufaa ya kwanza ya bibi yule haikwenda Mwanza. Ilikwenda Mahakama ya Wilaya ya Muleba, na hakimu wa huko ndiye wa kwanza kusema kuwa Katiba mpya imewapa wanawake na wanaume haki sawa, na kwamba uamuzi wa Kashasha hauwezi kusimama. Sifa za kesi hii humiminiwa jaji, na anazistahili, lakini mbegu ilipandwa na hakimu wa wilaya. Hatimaye jamaa wa ukoo ndiye aliyekata rufaa kwenda Mahakama Kuu, na hivyo kesi ikaitwa Ephrahim dhidi ya Pastory, rufaa namba 70 ya mwaka 1989, iliyoamuliwa tarehe 22 Februari 1990.

Kanuni iliyobishaniwa ilikuwa kanuni ya 20 ya sheria za urithi zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 katika Tangazo namba 436. Kwa kifupi, iliruhusu mwanamke kurithi, ila ardhi ya ukoo angeweza kuitumia tu muda wa uhai wake bila ya kuiuza, maadamu yupo mwanamume wa ukoo huo. Mila zilizokuwa zikielea vinywani mwa wazee, zikibadilika kadiri ya hali, ziligandishwa kuwa vifungu vyenye namba. Mtu aliyesema mwaka 1988 kuwa anatetea mila alikuwa, kwa kweli, anatetea karatasi ya mwaka 1963.

Kabla ya hapo mahakama zilikuwa zimekwisha kuulizwa swali lilo hilo na kujibu kwa unyonge. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ilieleza kuwa inawahurumia wanawake wa Kihaya, lakini si kazi ya mahakama kuipindua mila. Mila hubadilishwa na jamii yenyewe inapobadilika. Jibu hilo lina adabu yake. Tatizo ni kwamba jamii inayongojwa ibadilike ni ile ambayo wanaofaidi mila ndio wanaoketi kwenye baraza la kuijadili. Mwalusanya hakulidharau jibu hilo, lakini alilipima kwa mizani mpya. Alionyesha kuwa Katiba inakataza ubaguzi, kwamba Tanzania imejifunga kwa mikataba ya kimataifa, ukiwamo ule wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na kwamba sheria ya mpito ya mwaka 1984 inaamrisha mahakama zizisome sheria za zamani kwa marekebisho yanayohitajika ili zipatane na Katiba. Basi akaisoma kanuni ya 20 kwa marekebisho: tangu hapo mwanamke na mwanamume wawe na haki sawa ya kurithi ardhi ya ukoo na kuiuza.

Wapo wanaoshikilia kuwa jaji huyo alivunja ukoo kwa kalamu. Hoja hii hurudiwa sana, hata katika kumbi za mihadhara, na yafaa ijibiwe kwa kuisoma hukumu yenyewe. Mila za Wahaya ziliruhusu ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni bila ya ridhaa ya wanaukoo, wanaukoo hao waikomboe kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Mwalusanya hakuifuta haki hiyo. Aliiacha, akasema tu kwamba itumike kwa namna moja, awe muuzaji ni mwanamume au mwanamke. Jamaa aliyekata rufaa alipewa miezi sita alipe shilingi 300,000 aichukue ardhi. Akishindwa, ardhi ibaki kwa mnunuzi. Kwa maneno mengine, ukoo uliambiwa kuwa ukitaka ardhi yako, mlipe anayestahili kulipwa. Kilichoondolewa ni uwezo wa kuipata bure kwa kisingizio kwamba muuzaji ni mwanamke. Hapo si ukoo uliovunjwa.

Kesi za kabla na baada ya hiyo zinaonyesha mwendo ule ule. Katika shauri la mwaka 1988 lililohusu mfungwa wa gereza la Musoma, aliitangaza kuwa kinyume cha Katiba sheria ya kikoloni iliyoiwezesha serikali kumhamisha mtu kutoka kwao kwenda kuishi kwingine bila ya kumfikisha mahakamani. Katika shauri la mwaka 1989 alikitupa kifungu cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai kilichozuia kabisa dhamana kwa mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubali kuwa kifungu hicho kilikiuka Katiba. Akiwa Dodoma, katika shauri la mwaka 1992, alisema kuwa raia hana haja ya kumwomba waziri ruhusa ndipo aishtaki serikali. Kumtaka mtu aombe idhini ya yule anayemdai ni sawa na kumtaka kuku akaombe idhini kwa mwewe. Mahakama ya Rufani ilifikia uamuzi kama huo mwaka 1993 katika kesi nyingine iliyotoka Arusha.

Kati ya hukumu zake zote, hata hivyo, iliyo nzito kuliko zote ni ile ya Jamhuri dhidi ya Mbushuu, iliyotolewa Dodoma mwezi Juni 1994. Watu wawili walikuwa wamepatikana na hatia ya mauaji, na kwa sheria ya Tanzania adhabu ya kosa hilo ilikuwa moja tu, kunyongwa hadi kufa. Jaji hakuwa na uchaguzi. Mwalusanya alijitafutia uchaguzi ndani ya Katiba. Aliuliza kama adhabu ya kifo si ya kikatili na ya kudhalilisha, akalijibu swali hilo kwa kuchunguza maumbile ya adhabu yenyewe, namna ya kunyonga, miaka ya kungojea, na uwezekano wa kumnyonga asiye na hatia. Kisha akauliza kama jamii imethibitisha kuwa haiwezi kujilinda kwa njia nyingine, na akaona haikuthibitisha. Wafungwa wale akawahukumu kifungo cha maisha.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kutua. Jaji aliijenga hoja yake kwa Kiingereza, akipima maneno matatu ambayo mikataba ya kimataifa imeyazoea. Lakini Katiba ya Tanzania ipo kwa Kiswahili, na ibara ya 13 inapolizungumzia jambo hilo inakataza mtu kuadhibiwa kinyama, na inakataza adhabu za kumtweza au kumdhalilisha. Maneno haya hayalingani neno kwa neno na yale ya Kiingereza. Chukua neno "kinyama". Kisarufi ni kielezi. Linaeleza namna ya kutenda. Kwa hiyo linamwelekea mtendaji. Anayeadhibu kinyama ndiye aliyegeuka mnyama, ilhali anayeadhibiwa amebaki mtu. Chukua tena "kutweza": ni kumshusha mtu thamani hadi awe kitu duni, na kitenzi hicho hakimwachi mshushaji salama, kwa kuwa lazima awepo anayetweza ndipo awepo anayetwezwa. Hoja ya adhabu ya kifo ikiendeshwa kwa maneno haya haianzi na mauaji aliyoyafanya mfungwa; inaanza na yale ambayo jamhuri inakuwa pale inapomning'iniza mtu kwa kamba. Mwalusanya aliifikia fikra iliyo karibu na hiyo kwa safari ndefu, akipitia hukumu za nchi nyingi za ng'ambo. Kiswahili cha Katiba kilikuwa kimekwisha kumsogezea nusu ya njia.

Waswahili husema, mgala muue na haki umpe. Methali hii hutajwa sana katika insha za haki, na kwa kawaida msisitizo huwekwa kwenye sehemu ya pili. Hukumu ya Mbushuu inaigeukia sehemu ya kwanza na kuuliza kama mtu akishauawa, inabaki haki gani ya kumpa.

Serikali ilikata rufaa. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi ambao hadi leo huwashangaza wanaousoma kwa mara ya kwanza. Ilikubaliana na Mwalusanya kwamba adhabu ya kifo kwa maumbile yake ni ya kikatili na ya kudhalilisha, na kwamba kunyonga ni hivyo hivyo. Halafu ikasema kuwa Katiba, katika ibara ya 30, inaruhusu haki kupunguzwa kwa ajili ya maslahi ya umma, na kwamba ni juu ya jamii kuamua kama inaihitaji adhabu hiyo. Ikairudisha. Uamuzi huu una uaminifu wa aina yake, kwa kuwa haukujifanya kuwa kitanzi ni jambo jema. Lakini ni vigumu kuutetea. Mahakama iliyokwisha kukiri kuwa adhabu fulani ni ya kinyama haina pumziko katika neno "maslahi". Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipoifuta adhabu ya kifo katika kesi ya Makwanyane, ilizichambua hukumu za Mbushuu. Jaji aliyepinduliwa kwao alikuwa amesomwa Johannesburg.

Bunge nalo halikukaa kimya. Mwaka 1994 ilipitishwa Sheria namba 33 kuhusu utaratibu wa kudai haki za msingi, na miongoni mwa mambo iliyoyaweka ni kuwa shauri la kikatiba la namna hiyo lisikilizwe na majaji watatu badala ya mmoja. Wapo watakaosema kuwa vichwa vitatu hushinda kimoja, na huenda ni kweli. Lakini mtu akitazama miaka sita iliyotangulia, na jaji mmoja wa mikoani aliyekuwa akizipangua sheria za serikali moja baada ya nyingine, hatakosa kuona sheria hiyo ilikuwa ikimtazama nani. Katika mwaka huo huo, na Dodoma hiyo hiyo, Jaji Kahwa Lugakingira alikuwa ameamua kuwa raia anaweza kugombea uongozi bila ya kudhaminiwa na chama. Majaji wa mikoani walikuwa wameanza kuzoea Katiba, na jambo hilo halikupendeza wote.

Hata ushindi wa Muleba haukukamilika. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilitambua haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, lakini kanuni za urithi za mwaka 1963 hazikufutwa kitabuni. Wajane wawili walipozipinga kanuni za kabila lao mahakamani, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kuwa ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzibatilisha ikihofu kufungua mlango wa mashauri yasiyo na mwisho kutoka kwa kila kabila. Ikalirudisha jibu la mwaka 1968, miaka kumi na sita baada ya Mwalusanya kulikataa. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ilisema kuwa Tanzania ilizivunja haki za wajane hao. Kwa upande wa Kenya, Mahakama ya Rufaa mwaka 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, ilikataa kuwapunja mabinti katika mirathi ya baba yao na ikategemea, pamoja na mengine, mikataba ile ile ya kimataifa. Wakenya walifika mwaka 2005 mahali ambapo Mwanza ilifika mwaka 1990.

Sasa kuna suala la lugha. Mwaka 2005 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Dar es Salaam kilichapisha mkusanyo wa hukumu na maandishi ya Mwalusanya, ukihaririwa na Chris Maina Peter na Helen Kijo-Bisimba. Ni kazi ya kushukuriwa. Ni ya Kiingereza. Mwanamke wa Muleba, wa Bukoba au wa Ngara anayenyimwa shamba na kaka zake atakuta kuwa silaha yake imefungiwa ndani ya kabati ambalo ufunguo wake uko shuleni, tena shule ya juu. Atamtegemea wakili, na wakili hutegemea malipo.

Jambo kubwa lilitokea tarehe 1 Februari 2021. Katika maadhimisho ya Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili katika shauri kati ya kampuni ya uchimbaji wa dhahabu na mtu mmoja, akatangaza kumpandisha awe Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huo huo Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale ambapo haki inakihitaji. Wapenzi wa Kiswahili walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lugha iliyokuwa ikiishia kwenye ngazi ya mahakama ya mwanzo ilipanda hadi juu kabisa.

Hata hivyo, shangwe hizo zina shimo ndani yake. Jaji hupandishwa cheo kwa ubora wa hoja zake. Akipandishwa kwa lugha aliyoiandikia, hata kama anastahili cheo hicho kwa sifa nyingine zote, wenzake watajifunza somo lisilofaa: kwamba hukumu ni sare ya kuvaa. Hukumu dhalimu ikiandikwa kwa Kiswahili sanifu hubaki dhalimu, na anayehukumiwa ataielewa vizuri zaidi, basi. Mwalusanya aliandika Kiingereza na akafungua watu; Kashasha walisema Kiswahili na wakafunga. Mwenye kukitetea Kiswahili mahakamani asiikwepe kweli hii. Sababu ya kukitaka Kiswahili pale haitokani na uzalendo peke yake. Sababu ni kwamba haki iliyotamkwa isipoeleweka haiwezi kudaiwa tena na mtu wa pili na wa tatu. Hubaki kuwa bahati ya yule mmoja aliyeshinda kesi.

Sheria ya mwaka 2021 inatazama mbele. Hukumu za miaka iliyopita haizirudii. Hukumu za 1988 hadi 1994, ambazo ndizo mama wa haki nyingi zinazodaiwa leo, zimebaki zilivyo. Nani atazitafsiri? Wanasheria wana kazi nyingine. Mahakama zina mrundikano wa mashauri. Kazi hii ina wenyewe, nao ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ambao kila mwaka huandika tasnifu juu ya takriri, taswira na usimulizi katika riwaya zile zile ambazo zimekwisha kuchambuliwa hadi zikakauka. Hukumu ya Mwalusanya ina usimulizi na mgogoro, na sauti yake ni kali kuliko ya wasimulizi wengi wa kubuni. Ina pia istilahi zinazotaka kazi. A. B. Weston alichapisha orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili mwaka 1968, na kazi ya istilahi imeendelea Dar es Salaam tangu hapo, lakini istilahi iliyo katika orodha na istilahi iliyo katika sentensi ni vitu viwili. Haki ya kutumia ardhi na kula mazao yake bila ya kuimiliki ni neno moja tu kwa wanasheria wa Kiingereza. Kwa Kiswahili mtafsiri atalazimika kuchagua kati ya maelezo marefu na neno jipya ambalo halijapata kusemwa na mkulima yeyote. Na "ardhi ya ukoo" je, inatosha, au neno "kibanja" lenye harufu ya migomba ya Kagera lingeingia mahali pengine kwa haki zaidi?

Kenya haina ruhusa ya kujitenga na kazi hii kwa kisingizio kwamba majaji hawa ni wa jirani. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini ibara yake ya 259 inasema kuwa tafsiri za Katiba zikigongana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayotawala. Sheria ya mwenendo wa kesi za madai, katika kifungu cha 86, inaweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, na kukiachia Kiswahili mahakama za chini. Mkenya anayekata rufaa hupanda kutoka lugha moja hadi nyingine kama alivyopanda bibi wa Muleba. Mfano wa hukumu nzito iliyokwisha kutafsiriwa vizuri ungewapa watetezi wa Kiswahili nchini Kenya hoja iliyo bora kuliko maazimio yote ya makongamano.

Mwenye kutaka kuanza, na aanze na Ephrahim dhidi ya Pastory. Si ndefu. Ukurasa wake wa kwanza unatangaza kuwa rufaa hii inahusu ukombozi wa wanawake, na ukurasa wake wa mwisho unampa mwanaukoo miezi sita ya kuikomboa ardhi. Kwa Kiingereza hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Kwa Kiswahili ni kitenzi kimoja, kukomboa, ambacho hubeba kitu kilichowekwa rehani na mtu aliyewekwa utumwani. Mtafsiri ataamua kama atalitumia neno hilo mara mbili na kuwaacha wasomaji wakione alichokisema jaji pasipo kukusudia: kwamba siku ile katika Mahakama Kuu, Mwanza, mwanamke alikombolewa bure, na ukoo ukaambiwa utoe shilingi 300,000.